Kamera mbili, na bilauri bado ikapita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongezee neno kwenye makala yenu kuhusu kompyuta zinazokagua vyombo vya kioo viwandani. Mwandishi ameisifu programu mpaka basi, lakini taa hakuitaja hata mara moja. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, kwanza kwa jicho na pete ya chuma ya kupimia, baadaye mbele ya skrini, na nawaambia taa ikikosewa, programu ni kipofu.

Bilauri ukiimulika kwa mbele, kamera huona mng'ao wa taa na vitu vilivyo nyuma ya kioo. Umbo lenyewe halishikiki. Sisi tuliiweka taa nyuma, pana, imefunikwa plastiki nyeupe kama maziwa. Hapo kioo cha pembeni hupinda miale na kuitupa kando isiifikie lenzi, na ukingo wa bilauri hutokea mweusi kama umechorwa kwa wino. Programu hufuata mstari huo na kuhesabu nukta za picha. Lenzi nayo ina mambo yake. Ya kawaida hukifanya chombo kilichosogea karibu kionekane kinene, na bilauri kwenye mkanda hazijipangi kama askari. Ikabidi tununue ile inayopokea miale iliyo sambamba tu. Ni ghali, na nzito kama jiwe la kusagia.

Hata hivyo tuliumbuka. Mdomo wa bilauri ulitakiwa uwe milimita 71, ikizidi au kupungua isivuke nusu milimita. Kamera ilipitisha shehena nzima. Siku hiyo nilichomoa pete yangu kabatini, kwa mazoea tu, nikaijaribu: haikuvishika. Mdomo ulikuwa na umbo la yai, 72 upande mmoja, 70 upande wa pili. Ikitazamwa kimshazari, katikati ya pande hizo mbili, kamera ilisoma 71 kamili.

Kijana wetu wa programu akaongeza kamera ya pili, pembe mraba na ya kwanza. Nilimwambia haitoshi, akacheka. Bilauri ileile ikapita tena kimshazari, na kamera zote mbili zikasoma 71! Tulipona tulipoanza kuizungusha kila bilauri mzunguko mzima mbele ya kamera moja, picha baada ya picha, tukilinganisha kipimo kikubwa na kidogo. Zile za umbo la yai zikaanza kudondokea pipani. Tulipozigeuza na kusoma alama za kitakoni, zote zilikuwa zimetoka kalibu moja, yaani chombo kimoja kinachoipa bilauri umbo. Mafundi wakaitoa kabla ya zamu kwisha.

Basi mwandishi wenu akirudi kiwandani, asimame upande wa taa, aulize pia bilauri inatazamwa kutoka pande ngapi.

Mkaguzi mstaafu wa vyombo vya kioo