Kabichi mnayokula Malindi imeteremshwa mlimani kwa mgongo wa mtu

Bwana Mhariri,

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikiuza mboga hapa Malindi. Kila masika, kabichi ikipanda bei, matusi huja kwangu. Wiki iliyopita mteja wangu wa siku nyingi, mama mwenye hoteli ya chakula, aliirudisha kabichi mezani kwa kishindo akasema mimi na hao Wataita wangu tumekula njama ya kuwanyonya watu. Sikumjibu, kwa sababu watu walikuwa wamejaa na yeye ni mkubwa kwangu. Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu kwa heshima.

Kila baada ya wiki mbili natoka Malindi alfajiri. Nabadilisha gari Mombasa, nabadilisha Voi, napita Mwatate, halafu napanda Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Voi jua linakausha mate mdomoni. Baada ya Mwatate gari linaanza kuzikata kona, masikio yanaziba, na kabla ya kufika juu nimeshatoa sweta kwenye mkoba. Lakini Wundanyi siyo mwisho wa safari. Kijiji ninakonunua kiko juu zaidi, upande wa Vuria, mlima ambao kilele chake kina mita 2,208. Kutoka pale lami inapoishia, mwenyeji hutembea saa moja na nusu kupanda. Mimi, mtoto wa pwani, bado hunichukua saa mbili na zaidi.

Watu wakiona picha za Taita zilivyo kijani hudhani kule ni kuokota tu. Mama anayenilaza nyumbani kwake analima kipande kisichofika nusu ya kiwanja cha mpira, tena kimekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, kila ngazi imezuiwa kwa mawe yaliyopangwa na wazee wake. Trekta halifiki huko. Kila kitu ni jembe. Mbolea ya samadi hubebwa kwa karai kichwani, na nyani akikuta shamba halina mtu, kazi ya miezi mitatu inaisha asubuhi moja. Kwa hiyo watoto hulinda kwa zamu siku wasizokwenda shule, na msimu wa kuvuna, nasikitika kusema, hata siku za shule.

Maji yanatoka kwenye kijito cha juu, yanateremka yenyewe kwa mpira hadi shambani. Nayo yana zamu. Zamu ya mwenyeji wangu huanguka usiku. Nimewahi kuamka naye saa nane, yeye mbele ameshika tochi, mimi nyuma nimeshika leso yake nisipotee, tukaenda kuugeuza mpira. Ukungu ulikuwa mzito hata miguu yangu siioni, na baridi ya mwezi wa Julai ilinifanya vidole vigome kukunjika. Yeye alikuwa amevaa kandambili.

Ukungu ule ni wetu, Mhariri. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi, huu huu unaosukuma mashua zetu, ndio unaopanda na unyevu hadi kwenye milima ile na kuuacha huko. Msitu huukamata, matone yakashuka ardhini, kijito kikapata maji. Lakini msitu wa asili umebaki vipande vipande, kama Ngangao na Chawia, na pengine pote ni mashamba, mikaratusi na misonobari. Vijito viwili nilivyokuwa nikivuka kwa kuruka nilipoanza biashara, leo wakati wa kiangazi navipita kama njia ya kawaida, nikikanyaga mchanga mkavu. Maji yakipungua, zamu zinakuwa mbali, na kabichi inadumaa. Hiyo ni sababu ya kwanza ya bei.

Ya pili ni njia, na hapo ndipo roho yangu ilipo.

Kabichi moja nainunua shambani shilingi 15. Ikikauka njia, pikapu hupanda hadi kijijini. Mvua ikinyesha siku mbili, udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, pikapu hazipandi na bodaboda wanakataa. Hapo kila gunia linateremshwa hadi kwenye lami kwa mgongo wa mtu, kamba imepita kwenye paji la uso, na wengi wa wabebaji ni wanawake. Namlipa kila mmoja shilingi 200 kwa gunia na bado naona aibu. Chini hakuna banda. Mzigo unasubiri gari kwenye mvua au kwenye jua, na nikifika Malindi, katika kila kabichi kumi mbili nazitupa. Ongeza gari la Voi, la Mombasa, la Malindi, na ushuru njiani. Mama yangu wa hoteli, ile shilingi 60 niliyokutajia kwa kabichi moja imetoka huko.

Aprili mwaka juzi tulipata pikapu iliyothubutu kupanda. Tukapakia magunia 30. Kona ya kwanza tu chini ya kijiji ikateleza ikaingia mtaroni. Saa mbili usiku tukasikia sauti zinashuka kutoka juu. Vijana wanne walikuwa wamebeba machela ya fito mbili na blanketi, na juu yake binti wa mwenyeji wangu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, muuguzi wa zahanati alikuwa peke yake na alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali haraka. Na njia nzima tulikuwa tumeiziba sisi.

Tulishusha magunia yote gizani. Mengine yaliviringika bondeni, tulisikia kabichi zikigonga mawe huko chini. Vijana wakaliinua gari kwa mabega, binti akalazwa nyuma kwenye maturubai. Mama yake, akiwa bado anasaidia kushusha, alinigeukia akaniuliza: "Hasara yako nitailipaje?" Mtoto wake yuko kwenye machela, na yeye anawaza kabichi zangu.

Mjukuu alizaliwa kwa upasuaji alfajiri, mzima. Binti alikaa wodini siku tisa. Kona ile, nilipopita mwezi uliopita, iko vilevile.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, barabara za vijijini, zahanati na kilimo ni kazi za kaunti. Najua Taita Taveta ina vijiji vingi vya namna ile na fedha haziwezi kufika kote kwa mkupuo. Ndiyo maana nawaandikia na viongozi wa Kilifi, Mombasa na Lamu, maana ni sisi tunaokula. Tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na kaunti zote sita za pwani zimo. Njia ya mboga na iwe kazi ya wote sita. Wanakijiji hawajaomba lami. Walichonituma nikiseme nikipata pa kukisema ni makalvati matatu, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya njia, kwenye kona tatu zinazojulikana, kifusi cha kushindilia, na banda lenye paa pale njia inapokutana na lami. Vijana wako tayari kuchimba wenyewe wakipewa vifaa.

Na wewe mama yangu wa hoteli, sijakukasirikia. Safari yangu ijayo ni Jumapili baada ya swala ya alfajiri. Nauli yako nitatoa mimi, na pa kulala papo. Chukua sweta, na viatu vya kufunga kamba.

Muuza mboga,
Malindi