Koala na Kidugamba

Mbale, Uganda
9 Juni

Kwa rafiki yangu mpendwa Wasswa,

Nakusalimu wewe na jamaa wote huko Masaka. Uliniuliza kwa nini wanafunzi wangu nimewafundisha habari za koala, mnyama wa Australia aishiye mitini, pamoja na kidugamba, yule mdudu mdogo anayeganda kwenye matawi ya mibuni. Sababu ni kwamba wote wawili wameyakabidhi maisha yao kwa mti ambao chakula chake ni duni, na bila bakteria wasingeweza kuishi.

Koala hula majani ya mikaratusi, mti ambao nasi tumeupanda sana kwa kuni na nguzo. Majani hayo yana nyuzi nyingi, protini kidogo, na sumu ambayo ini lake hulazimika kuiondoa. Sehemu ya utumbo wake, yenye urefu wa takriban mita 2, huhifadhi bakteria wanaoyachachusha polepole, na kwa kuwa nguvu anayoipata ni ndogo, hulala hadi saa 20 kwa siku. Mtoto huzaliwa akiwa na ukubwa wa punje ya haragwe, hutambaa hadi kwenye mfuko wa mama na kunyonya humo, na anapotimiza miezi 6 hivi hulishwa kinyesi laini cha mama, ambacho humpa bakteria atakaowahitaji.

Kidugamba jike huchoma gome kwa mdomo mwembamba mno na kufyonza utomvu, wenye sukari tele lakini wenye upungufu wa amino asidi, yaani viungo vya kujengea protini. Katika spishi nyingi, bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake humtengenezea zinazokosekana, na mama huwapitisha ndani ya yai lenyewe, hivyo mtoto huanguliwa akiwa tayari nao. Urithi huo hunistaajabisha kuliko ule wa koala. Sukari inayozidi huitoa kama majimaji matamu, yanayowavuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi juu ya majani.

Hata hivyo, hatima zao hazifanani. Misitu inapokatwa, koala hana pa kwenda, na mwaka 2022 serikali ya Australia ilimtangaza kuwa hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales. Kidugamba mweupe wa Australia, kinyume chake, alisafiri na miche hadi California akaangamiza michungwa, mpaka mtaalamu wa wadudu Albert Koebele alipotumwa Australia mwaka 1888 na kuwapeleka California mbawakawa wadogo wanaomla.

Tafadhali chunguza kahawa yako: sisimizi wakipanda shinani kwa wingi, wazuie kwanza, kwa maana huwafukuza maadui wa kidugamba.

Rafiki yako wa siku zote,
Wandera