Cheti cha nje kiulizwe kabla ya ada, si baada ya joho

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu wa Tabora aliyelalamika kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inawanyanyasa Watanzania waliosoma nje. Nina stesheneri Mwanga, hapa Kigoma. Natoa kopi, naskani, najazia watu maombi kwenye mifumo ya serikali, na ajira zikitangazwa tu meza yangu hujaa vyeti vya Bujumbura, Uvira, Lubumbashi na Kampala. Kusumbuka wanasumbuka kweli, sibishi. Ila mwenzetu kamkamata asiye mwizi.

Ukaguzi lazima uwepo. Aprili 2017 uhakiki ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na vilivyokaguliwa vilikuwa vya hapahapa, vya mitihani ya Baraza letu la Mitihani. Kama tulipigwa kwa vyeti ambavyo kumbukumbu zake tunazo wenyewe, itakuwaje kwa cheti cha chuo ambacho hapa mjini hakuna aliyewahi hata kuliona geti lake?

Watu wengi hudhani TCU inauliza kama kweli ulisoma. Inauliza zaidi ya hapo. Je, chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake? Programu yenyewe ina ithibati, yaani imekaguliwa na kuidhinishwa? Na wewe uliingia kwa sifa gani? Ndiyo maana ukiomba utambuzi wa shahada unaambatanisha na vyeti vya sekondari. Baada ya hapo lazima chuo kilichotoa shahada kithibitishe kwamba mhitimu ni wake, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mteja wangu mmoja alisubiri hadi akakata tamaa, kumbe chuo chake cha ng'ambo kilikuwa hakijibu barua za mtu yeyote. Anuani kiliyoandika kwenye cheti ni ya barua pepe za bure, zile ambazo hata mimi ninayo. Sasa hapo wa kulaumiwa ni nani?

Kuna jambo jingine linalowapotosha watu wa huku. Milango ni mitatu. Cheti cha sekondari cha nje kinatafutiwa ulinganifu Baraza la Mitihani (NECTA). Astashahada na stashahada ni kazi ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Shahada ndiyo inakwenda TCU. Mtu anapeleka vyote mlango mmoja, anarudishwa, anasema kuna figisu. Na hata shahada ikitambuliwa, bado si ruhusa ya kufanya kazi: daktari anasubiriwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Niwaelezee kijana mmoja wa Kibirizi, maana Dar es Salaam mambo haya hawayaoni kama tunavyoyaona sisi. Ni Mtanzania, lakini baba yake alikuwa akifanya biashara Kalemie, kwa hiyo sekondari alisoma huko Kongo na chuo akamalizia Lubumbashi. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani karatasi zote za Kifaransa. Kwanza kulikuwa na diploma ya taifa, ambayo licha ya jina lake ni ya kumaliza sekondari. Halafu kulikuwa na graduat, hatua ya kwanza ya chuo kikuu, ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili juu yake, utaratibu ambao Kongo ilirithi kwa Wabelgiji. Jumla miaka mitano ya chuo kikuu. Lakini Kongo imekwishaanza kuhamia mfumo mwingine, ambao licence ni miaka mitatu tu, kisha uzamili, kisha uzamivu. Burundi nako walibadilisha. Kwa hiyo vijana wawili wanaweza kukuwekea mezani licence zinazofanana jina, mmoja kaisotea miaka mitano, mwenzake mitatu. Karani wa kawaida wa halmashauri atajulia wapi?

Alama nazo ni mtihani. Kijana alikuwa na wastani wa asilimia 63. Kwa jicho letu ni mtu wa kati. Kwa utaratibu wa kule, asilimia 70 tayari unaandikiwa distinction, na walimu wao ni wachoyo wa alama. Muhuri wa chuo ulikuwa wa kugandamiza, usio na wino. Ukiuweka kwenye skana unatoka weupe mtupu, na cheti kisichoonyesha muhuri kinatiliwa shaka. Dawa ni kuinamisha karatasi dirishani, mwanga uje kwa ubavuni, ukapiga picha kwa simu. Cheti cha pili alikuwa amekipiga lamination, akidhani anakitunza. (Jamani, acheni kupiga vyeti lamination.) Tafsiri alifanyiwa na jirani anayejua Kifaransa, na anayejua Kifaransa si lazima awe mtafsiri anayetambulika. Ikabidi aanze upya, kwa gharama.

Huyu alisoma kwa haki na chuo chake kinajulikana. Usumbufu wake ni wa makaratasi, na makaratasi yana ufumbuzi. Wanaoniuma ni wale wengine.

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, mawakala wa vyuo vya nje hawachelewi kufika. Mabango yanatundikwa, vipeperushi vinasambazwa hadi sokoni. Mwaka jana nililetewa kimoja nikitolee kopi, kimeandikwa kwamba ufaulu wowote unapokelewa. Hapa kwetu, kuingia shahada moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kwa kawaida kunataka principal mbili, yaani masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0. Mtoto ana E moja na S mbili (S haifiki principal), mzazi anaambiwa kule atapokelewa bila kuulizwa. Ng'ombe wanauzwa, shamba la michikichi linawekwa rehani. Miaka mitatu baadaye picha ya joho inasambaa kwenye magrupu ya familia. Kisha anakuja kwangu tuombe utambuzi, na mfumo unapomtaka aweke cheti cha kidato cha sita, ananitazama usoni.

TCU inasajili mawakala na majina yao inayatangaza. TCU pia hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, nayo huombwa kabla ya kuondoka. Katika wateja wangu, anayeijua hati hiyo ni wa kumtafuta kwa tochi. Wengi wanaridhika kwamba sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma, na Mei 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Burundi imo tangu 2007, Kongo tangu 2022. Lakini cheti hakivuki mpaka wa Burundi pale Manyovu kama gunia la maharage. Kila nchi bado inakagua kwa chombo chake.

Mwenzetu wa Tabora angeelekeza hasira kwenye namna ukaguzi huo unavyotoa majibu. Mkataba wa UNESCO wa kutambuliana sifa za elimu ya juu duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, umejengwa juu ya jambo moja la haki: anayekataa sifa ya mtu aonyeshe tofauti kubwa iko wapi, na aliyekataliwa awe na pa kukata rufaa. Mkataba wa kwanza wa Afrika wa aina hiyo ulipitishwa Arusha mwaka 1981, nyumbani kwetu kabisa. Basi tudai sababu ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mzazi wa Kasulu au Urambo atakielewa.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. TCU ichape kwa Kiswahili orodha ya vyuo vya Burundi, Kongo na Uganda ambavyo shahada zake zimekwishakaguliwa, na matokeo ya ukaguzi huo. Maafisa elimu wa Kigoma na Tabora waifikishe kwa kidato cha sita kabla ya mtihani wa Mei, kwa sababu baada ya hapo watoto wanatawanyika na wakala anawahi. Na angalau mara moja kwa msimu aje ofisa anayesoma Kifaransa, akae hata kwenye kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa Kigoma, watu wamwone kwa bahasha zao.

Mwenzetu wa Tabora naye, akijaliwa kuandika tena, atutajie chuo alichosoma kilipewa ithibati na nani. Hilo hakulisema.

Mwenye stesheneri,
Mwanga, Kigoma