Malalamiko: mmekataa waranti ya mashine ya kuosha vyombo kwa kisingizio cha maji ya Dodoma

Dodoma,
18 Juni 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA WARANTI YA MASHINE YA KUOSHA VYOMBO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 11 Februari 2023 nilinunua kwenu mashine ya kuosha vyombo, waranti miaka miwili. Niliinunua kwa ajili ya mama yangu, ambaye vidole vimemkakamaa kwa baridi yabisi na bado hakubali kulala vyombo vikiwa vichafu. Tarehe 27 Mei mwaka huu mashine iliacha kupasha maji. Fundi wenu alifika siku ya tisa, akaifungua, akanionyesha hita iliyovikwa gamba jeupe gumu kama jiwe. Matundu mengi ya mikono inayorusha maji yalikuwa yameziba. Kwenye fomu akaandika kuwa uharibifu umetokana na maji ya mteja, hivyo waranti haihusiki.

Kwamba maji ndiyo yaliyoiua, sibishi. Ninachokataa ni kubebeshwa kosa hilo mimi.

Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na mkazi yeyote atawaambia yalivyo: sabuni haitoi povu upesi, na birika halikai muda kabla ya kushika ukoko mweupe. Kunywa tunakunywa, hayana neno. Ni maji magumu, na ugumu wake ni madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka kutoka ardhini. Yakipashwa moto, kalsiamu hujitenga na kuwa kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo hasa mawe ya chokaa, nayo hugandia penye joto kali kuliko pote, yaani kwenye hita. Gamba likishanenepa, joto halipiti kwenda majini. Linarudi kuipika hita yenyewe mpaka inaungua.

Haya nimeyajua baada ya hasara. Ninyi mliyajua tangu mwanzo, kwa sababu kinga yake imo ndani ya mashine mnayoiuza. Kuna kilainisha maji chenye chembe za resini, aina ya plastiki, zinazonasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Chembe zikishajaa, mashine huzisuuza kwa maji ya chumvi ili zianze kazi upya. Tangi la chumvi likiwa tupu, kilainisha maji hakifanyi kazi yoyote, na mashine inakunywa maji magumu kila siku.

Langu lilikuwa tupu kwa miezi kumi na mitano. Mtu wenu aliyekuja kuifunga aliunganisha mpira wa maji, akawasha, akanisainisha, akaondoka. Kifuniko cha tangi hakukigusa, na kipimo cha ugumu wa maji alikiacha kama kilivyotoka kiwandani. Kijitabu nilichopewa hakina neno hata moja la Kiswahili. Agosti 2023 glasi zilipoanza kufifia na kuwa nyeupe niliwapigia simu. Nikaambiwa nibadilishe sabuni. Nikabadilisha, nikanunua ya bei ya juu zaidi. Siku ile mngenitajia chumvi tu, hita hii ingekuwa nzima.

Hata sasa fundi wenu ananiambia niweke chumvi ya kupikia. Maelekezo ya mtengenezaji, ambayo nimeyatafuta mwenyewe, yanaikataza: ni laini mno, hushikana, na ina viongezwa. Inatakiwa chumvi safi ya chengachenga iliyotengenezwa kwa mashine hizi. Nimeiulizia kwenye tawi lenu la hapa. Hamuuzi.

Kwa hiyo ninaomba mnibadilishie hita na mikono ya kurushia maji kwa gharama zenu, fundi apime maji yangu na kurekebisha kilainisha maji kulingana na kipimo hicho, na tawi la Dodoma liwe na chumvi hiyo. Ninaomba pia kila mteja aulizwe, kabla hajalipa, maji ya kwake yanatoka wapi. Majirani zangu wawili wana mashine kama yangu kutoka kwenu. Wiki iliyopita tulifungua matangi yao, yote makavu.

Ninasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nitapeleka risiti, fomu ya fundi na picha za hita Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mama ameanza tena kuosha vyombo kwa mkono.

Wenu,
Mteja, Dodoma