Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: dumu lile baba yangu hakulirithi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUFUTA USAJILI WA PARAKWATI

Nakuandikia daftari la baba likiwa wazi mbele yangu. Jalada lake limelowa na kukauka mara nyingi hadi limejikunja pembeni. Kwa miaka 19 baba aliandika humo kila alipopuliza parakwati, dawa ya kuua magugu, kwenye mashamba ya watu: tarehe, kipande cha shamba, mabomba mangapi. Alilipwa kwa idadi ya mabomba, kwa hiyo hakukosea hesabu. Kurasa za mwanzo herufi zake ni kubwa, zimesimama wima. Kadiri ninavyofunua, zinasinyaa, hadi ukurasa wa mwisho siwezi kuusoma bila kuusogeza dirishani. Tulidhani anabana karatasi. Sasa najua kwamba mwandiko kusinyaa hivyo ni dalili mojawapo ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, na kwamba ugonjwa ulikuwa ukijiandika wenyewe mbele ya macho yetu.

Tulipomfikisha kliniki, swali la kwanza lilikuwa: katika ukoo wenu kuna aliyewahi kutetemeka? Hakuna. Baba hajaulizwa hata siku moja alikuwa akifanya kazi gani. Baadaye nilikwenda kwenye ofisi moja ya serikali kuuliza kuhusu dawa ile, na afisa akanijibu kwa upole kabisa: "Dada yangu, huo ni ugonjwa wa uzee, na mara nyingine ni wa damu. Dawa ile ina usajili."

Nataka kumjibu kupitia kwako, kwa sababu sehemu ya aliyoyasema ni kweli. Umri unachangia. Damu nayo inachangia. Mwaka 1997 watafiti walikuta hitilafu katika jeni (kipande cha urithi tunachopewa na wazazi) iitwayo SNCA kwenye ukoo mmoja wa Italia na koo kadhaa za Ugiriki. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza alfa-sinukleini, protini inayogandamana ndani ya seli za ubongo za wagonjwa. Mwaka 2004 ikajulikana jeni nyingine inayohusika, LRRK2. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linaloonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika: mwenye nakala moja ana uwezekano wa kuugua mara 1.5 kuliko asiye nayo, mwenye nakala mbili mara 3.5. Ni kazi kubwa, na nimefurahi kwamba hatimaye mtu ameitazama damu yetu sisi.

Lakini wengi wenye badiliko hilo wanazeeka na mikono yao imetulia. Wagonjwa ambao jeni moja pekee inatosha kueleza ugonjwa wao ni wachache. Aliyerithi paa linalovuja, Mheshimiwa, hakurithi mvua. Na mvua ninayoizungumzia hapa imepewa kibali na wizara yako.

Kwamba kemikali inaweza kuleta hali hii, dunia iliona mwaka 1982 huko California. Vijana kadhaa waliojidunga heroini ya kutengenezwa maabara waliganda ghafla, macho wazi, hawawezi kusema wala kujisogeza, kama wazee walioishi na Parkinson miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba heroini hiyo ilikuwa imechanganyika na kemikali iitwayo MPTP. Ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa MPP+, nayo huua seli zilezile zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Ukiuchora muundo wa MPP+ na wa parakwati kwenye karatasi moja, zinafanana kama ndugu. MPP+ yenyewe iliwahi kujaribiwa kama kiuagugu.

Parakwati haiumizi seli kwa njia ileile. Yenyewe huzalisha oksijeni yenye madhara ndani ya seli, na ndivyo inavyokausha jani kwa kasi hiyo inayowapendeza wenye mashamba. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa Marekani miongoni mwa wapulizaji wa viuatilifu ulionyesha kuwa waliotumia parakwati au kiuatilifu kingine kiitwacho rotenoni walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson takriban mara 2.5 ya wasiotumia. Watengenezaji wanabisha. Wao hawajavaa shati la baba yangu.

Shati hilo nalikumbuka. Mpira wa kifuniko cha bomba ulikuwa umechakaa, na kila alipoinama dawa ilimchuruzika mgongoni hadi kiunoni. Ilimwachia doa la bluu, maana parakwati hutiwa rangi ili mtu asiidhanie kinywaji. Mama alilifikicha kwa mikono mitupu. Kikulacho ki nguoni mwako: kwetu methali hiyo ilikuwa kweli neno kwa neno, na hakuna aliyetuambia. Hata jina lilitupumbaza. Tunaiita dawa, neno lilelile la kile tunachompa mtoto akiwa na homa.

Dawa hiyo hutiwa pia harufu mbaya, makusudi. Sisi watoto tuliziba pua baba akirudi. Ikafika wakati akatuambia tunadeka, hasikii harufu yoyote. Tukasema ameizoea. Kupoteza uwezo wa kunusa kunaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi, na vivyo hivyo kufunga choo na kurusha mateke usingizini. Yote hayo baba alikuwa nayo, na yote tulikuwa na maelezo yake.

Najua utaniuliza nina uthibitisho gani kwamba ni parakwati iliyomuumiza. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema ugonjwa wa mtu huyu ulitoka kwenye dumu lile. Ndiyo sababu mzigo wa kuthibitisha haupaswi kuwekwa kwenye mabega ya mgonjwa. Ufaransa ililielewa hilo mwaka 2012: Parkinson ikaingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya wakulima, kwa aliyefanya kazi na viuatilifu miaka 10 au zaidi, bila kumtaka aonyeshe kopo lililomdhuru. Mwaka 2007 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilifuta kibali cha parakwati baada ya Sweden kushtaki. Kasoro mojawapo iliyoonekana ni kwamba tafiti zinazoihusisha na Parkinson hazikupimwa kabla ya kibali kutolewa. Uingereza nayo hairuhusu itumike kwenye mashamba yake, lakini kwa miaka mingi iliendelea kuitengeneza katika mji wa Huddersfield na kuiuza nje. Nalitafakari hilo sana. Sumu isiyofaa kwa mgongo wa mkulima wao inafaaje kwa mgongo wa mkulima mwingine?

Nimeweka nakala kwa Waziri wa Maji kwa sababu jambo haliishii shambani. Katika kambi ya kijeshi ya Lejeune, Marekani, maji ya kunywa yalichafuliwa kwa miaka mingi na trikloroethilini, kimiminika cha kuondolea grisi kwenye vyuma. Utafiti wa mwaka 2023 uliwalinganisha askari wa kambi hiyo na wa kambi ya Pendleton, ambako maji hayakuchafuliwa hivyo, zaidi ya 340,000 kwa jumla, na uwezekano wa Parkinson ulikuwa mkubwa kwa asilimia 70 kwa wale wa Lejeune. Hao walifungua tu bomba la maji.

Ninachoomba si kikubwa. Futa usajili wa parakwati, uweke tarehe ya mwisho ya kuuzwa, na maghala yafanyiwe hesabu. Usitujibu kwa kampeni ya glavu. Glavu zinasaidia, lakini hazizibi bomba linalovuja mgongoni. Kwa mwenzako wa Afya, naomba fomu ya kliniki iongezwe mstari mmoja tu: ulifanya kazi gani, kwa miaka mingapi, ukishika nini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019, na kwamba idadi imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25. Jeni za binadamu hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Baba yupo. Kidonge cha levodopa humrudishia mikono kwa saa chache, na saa hizo huzitumia kufunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja, akitukataza kumsaidia. Nilipomwambia nakuandikia, alileta daftari bila kusema neno.

Wako mtiifu,
Binti wa mpulizaji dawa

Nakala: Waziri wa Afya, Waziri wa Maji
Viambatisho: ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho wa daftari