Kwa mdogo wangu mwenye podikasti

Mdogo wangu,

Umelalamika mara nyingi kwamba sielewi kwa nini watu usiowajua wanakuombea dua kana kwamba mmezaliwa tumbo moja. Ninaelewa kuliko unavyodhani. Baba alikuwa akituma kadi za salamu redioni, na mtangazaji aliyezisoma alihesabiwa mtu wa nyumbani ingawa hakuwahi kukanyaga kizingiti chetu. Lakini yule alizungumza na nchi nzima kwa mpigo, ilhali wewe unaingia katika masikio ya mtu mmoja mmoja, akiwa anafua au amekwama kwenye foleni, kila wiki, kwa karibu saa nzima, na hata unapomeza mate yeye anasikia. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl, wakiandika kuhusu redio na televisheni, waliueleza uhusiano wa namna hii kuwa ni ukaribu wa mbali. Kwako wewe, waliokuwa mbali ni sisi.

Lisilonitoka ni lile la arobaini ya Baba. Tulikuwa jikoni tukichambua mchele wa hitima, nawe hupokei simu, mara binamu yetu akanitia kipokea sauti sikioni, nikakusikia ukiwaeleza wasikilizaji wako jinsi Baba alivyokohoa kwanza kabla ya kuliita jina lako. Ulinyamaza katikati ya sentensi, na ulipohariri hukuuondoa ukimya ule. Nililia, nisijue ninalia kama dada yako au kama msikilizaji wako. Shangazi akauliza kama ni wewe uliye kwenye simu, nikamjibu kwamba ndiyo.

Usiache kuzungumza, maana mfiwa aliye ugenini akikupata usiku wa manane hajadanganywa. Ila kabla hujawasha maikrofoni, piga simu nyumbani. Wala usinijibu kwamba nami sikukupigia: nilikuwa na wageni, nilikuwa na deni la turubai, na mwenye msiba mlangoni hapati chumba cha kujifungia atafute maneno. Wewe ulikipata, pamoja na watu waliochagua wenyewe kukusikiliza hadi mwisho, ilhali sisi tungekukatiza kwa vilio na maswali ya nauli.

Katika kipindi cha Jumatano umesema kifua kinakubana. Wasikilizaji wamekwisha kukuombea, nami nimemwambia Mama. Atakupigia baada ya Isha, na usipopokea nitampa simu yangu akusikilize mwenyewe.

Dada yako