Usiagize bomba la nikeli kwanza

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia tanuri limeanza kazi. Ila pale mwishoni uliposema unaagiza bomba la kukinga themokapo (kile kipima joto cha nyaya mbili) lenye nikeli asilimia 72, moyo wangu haukutulia. Nakuomba usiagize kwanza.

Najua kwa nini umelipenda. Kwenye hewa ya kawaida aloi hiyo, yaani mchanganyiko huo wa metali, huvumilia hata nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kromi iliyomo hukamata oksijeni, ikafanya utando mwembamba wa oksaidi unaoziba uso wote, nao hukua polepole mno. Lakini gesi ya ndani ya tanuri lako umesema inanuka mayai viza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, na humo oksijeni ni haba, kwa hiyo salfa ndiyo inayoiwahi metali. (Usitegemee pua, tafadhali. Gesi hiyo ikizidi huua uwezo wa kunusa kabla haijakuua wewe. Tumia kifaa cha kuipima.)

Salfaidi, yaani gamba linalotokea salfa ikiungana na metali, haikingi kama oksaidi. Ndani yake mna nafasi wazi tele, atomi za metali zinapenya kwenda nje bila kizuizi, gamba linanenepa maelfu ya mara upesi zaidi, kisha linapasuka na kuanza upya. Nikeli ina balaa jingine juu ya hilo. Ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, lakini ikikaa pamoja na salfaidi yake, mchanganyiko wao huyeyuka karibu na nyuzi 640. Tanuri lako linakwenda 800! Chuma na salfaidi yake husubiri hadi karibu nyuzi 988.

Niliwahi kushika bomba la namna hiyo lililotolewa baada ya wiki chache tu. Kwa mbali lilionekana zima. Karibu na ncha lilikuwa na vijivimbe vya kijivu chenye wekundu wa shaba, kama matone ya nta yaliyoganda yakichuruzika. Nilipolibana kidogo kwa koleo lilikatika kama biskuti, na pale lilipokatika ungeona salfa imeingia kwa kufuata mipaka kati ya chembe za metali hadi ndani kabisa, wakati unene wa nje ulikuwa haujapungua. Tangu siku hiyo siamini kipimo cha unene peke yake.

Kwa gesi yako mimi ningechukua chuma chenye kromi asilimia 25 hivi kisicho na nikeli, au bora zaidi aloi ya chuma, kromi na alumini. Hiyo ya pili ichome kwanza kwenye hewa safi, nyuzi 1,000 na ushee kwa saa kadhaa, ili utando wa oksaidi ya alumini utangulie kabla salfa haijafika. Ni dhaifu kidogo kwenye joto kali, hujipinda kwa uzito wake, basi isimamishe wima, usiilaze.

Nitumie vipimo vya gesi: hidrojeni salfaidi, hidrojeni na mvuke wa maji, maana uwiano wa viwili vya mwisho ndio unaoonyesha oksijeni iliyobaki. Na lile bomba lako la zamani usilipige msasa wala kuliosha. Lifunge kwenye mfuko mkavu uliozibwa vizuri, unitumie hivyo hivyo na magamba yake.

Rafiki yako,
Salimu